poll husema data ipo, lakini usomaji unakwama

SWALI: Programu yangu inafuatilia matukio ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux kupitia faili la trace_pipe_raw, linalotoa matukio hayo yakiwa ghafi. Naanza kwa poll, wito wa kuuliza kerneli kama faili lina data ya kusoma, nayo hunijibu mara moja kwamba data ipo. Lakini nikiita splice, wito wa kuhamisha data hiyo, kuichukua, programu husimama kwa muda mrefu, hata majukumu yake mengine yakalala. Kosa liko kwangu au kwenye kerneli?

JIBU: Ikiwa kerneli yako ni ya kabla ya marekebisho yaliyofanywa mwishoni mwa mwaka 2022, kosa si lako. Matukio huandikwa katika bafa ya mzunguko ya kila prosesa (eneo la kumbukumbu ambalo likijaa huandikwa upya juu ya matukio ya zamani), na faili la buffer_percent huweka kiwango ambacho bafa inapaswa kujazwa kabla ya msomaji kuamshwa. Kiwango cha kawaida ni asilimia 50. Ukiweka 0 utaamshwa kwa data yoyote, na ukiweka 100 utasubiri hadi bafa ikaribie kufuta matukio ya zamani. Tatizo ni kwamba splice ilikiheshimu kiwango hicho, ilhali poll ilitazama tu kama bafa si tupu. Kwa hiyo tukio moja lilitosha kuifanya poll iseme "soma", kisha msomaji akasubiri nusu ya bafa ijae. Na mfumo ukiwa mtulivu, hilo laweza kuchukua muda mrefu sana. Huko ni kuvunja ahadi yenyewe ya poll, ambayo ni kwamba usomaji unaofuata hautasimama.

Wapo ambao wangependekeza splice ilegezwe irudi na chochote kilichopo. Sikubaliani nao, kwa sababu kiwango kiliwekwa makusudi ili msomaji asiamshwe kila tukio linapoandikwa, na hivyo kuvuruga mfumo ule ule anaoupima. Marekebisho yalifuata njia iliyo sahihi: ukaguzi wa kiwango uliwekwa katika funksheni moja, ikatumiwa na njia zote mbili. Atakayegusa msimbo huo azingatie pia mpangilio wa hatua: anayesubiri hujiandikisha kwanza kwenye foleni, ndipo akague bafa, kwani akigeuza, tukio linaloandikwa katikati ya hatua hizo laweza kupita bila yeye kuamshwa.

Kama huwezi kubadilisha kerneli kwa sasa, fungua faili kwa O_NONBLOCK (chaguo linalozuia usomaji kusimama) na ulichukue kosa la EAGAIN, yaani "jaribu tena", kuwa jibu la kawaida, ila usirudie poll papo hapo, maana itakujibu tena kwamba data ipo na programu itazunguka bure ikila prosesa. Pumzika kidogo kabla ya kujaribu tena.