Paka haoni samaki aliye mbele yake: je, ni kipofu?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba paka wako hutafuta kwa kunusa kipande cha samaki kilicho chini ya pua yake, ilhali usiku hukodolea macho ukuta mtupu. Mambo yote mawili ni ya kawaida. Jicho la paka halioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi, kwa hiyo hapo hutegemea pua na sharubu, ambazo ukimtazama kwa makini utaona akizielekeza mbele anapokaribia chakula. Kuhusu ukuta, sikio la mwanadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, lakini la paka hupita 60,000, na milio mingi ya panya imo humo. Basi nakusihi usimfukuze kwa kumdhania ana mashetani, bali kagua nyufa na dari. Linalonitia wasiwasi ni moja tu: iwapo mboni zake hubaki zimepanuka hata juani, au anagonga viti ambavyo havijahamishwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu shinikizo la damu huweza kumpofusha paka mzee ghafla.