Ukipewa dawati la mazingira

Wiki ya kwanza utaandika mafuriko. Ya pili utatumwa kwenye upandaji miti, mheshimiwa ashike koleo hadi wapiga picha watosheke. Ni kazi, ifanye. Ila ukitaka habari zako zizae kitu, kisome kisa cha mto Cuyahoga, Cleveland, Marekani.

Tarehe 22 Juni 1969 mto ule uliwaka moto. Ndiyo, mto: mafuta na taka za viwandani zilizotanda juu ya maji zilishika moto, ukazimwa ndani ya nusu saa. Magazeti ya mjini hayakushtuka sana, kwani ulikuwa umeshawaka mara kadhaa tangu karne ya 19. Kesho yake Meya Carl Stokes akawachukua waandishi, akawatembeza kando ya mto na kuwaonyesha uchafu unaingilia wapi. Kwangu mimi, habari ilianzia hapo: moto ulikuwa tukio, mabomba ndiyo yaliyokuwa na wenyewe wa kuulizwa. Agosti jarida la Time likaichapa nchi nzima, tena kwa picha ya moto wa 1952 (hilo usiige, picha ya zamani iandikiwe mwaka wake). Kisa hicho kikawa miongoni mwa vilivyosukuma kuundwa kwa mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 1970, na sheria ya maji safi ya 1972.

Huku kwetu iangalie Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwasumisha wakazi kwa madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alishika majibu ya vipimo vya damu ya mwanawe, na vita vikaanza. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mwandishi aliyeishia kwenye hukumu ya kwanza amewaacha wasomaji wake wakidhani watu walishalipwa zamani.

Kwa hiyo fungua faili kwa kila habari: majibu ya maabara, vibali, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, tarehe ijayo ya kesi. Na simu ya kwanza mpigie mkazi, kisha mamlaka ya mazingira (NEMA kwa Kenya, NEMC kwa Tanzania), kiwanda mwisho. Ukianza na kiwanda utatumiwa taarifa ya aya nne, na mhariri ataitaka gazetini jioni hiyohiyo.