Usonji kwa mtu mzima: mie nilijua nina miaka 38

Dadangu, umeuliza kama bwanako wa miaka 34, ambaye hataki wageni, anakula chakula kilekile kila siku na mkienda kwenye shughuli anapotea bila kuaga, yawezekana ni usonji (yaani ubongo unaofanya kazi tofauti tangu utotoni kwenye mambo ya watu na hisia) au ni kiburi tu kama wanavyosema kwenu. Mie si daktari, nahesabu spea za magari kwenye stoo hapa Mombasa, lakini hilo neno kiburi nimelibeba miaka mingi mno kwa hivyo wacha nikuandikie marefu, usinichoke.

Kwanza sikujitafuta. Mwanangu wa pili alichelewa kusema, tukampeleka kupimwa, na yule dada aliyekuwa akituhoji akawa anasoma maswali yake, anapanga vitu mstari mmoja? anaziba masikio? anachafuka mkibadilisha njia ya kwenda shule? Mke wangu anajibu ndio, ndio, ndio, alafu kila akijibu ananitizama mie. Kufika nyumbani nikamuuliza mamangu akasema huyo mtoto hana neno, ni wewe mtupu, wewe ulikuwa ukisikia mashine ya kusaga unga walia mpaka watapika, tukakupeleka kwa mwalimu wa chuo ukanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, mara tatu. Alisema hivyo kunituliza ati!

Watu hapa wakisikia usonji (wengine husema otizimu) wanawaza mtoto asiyesema anayejigonga kichwa ukutani. Sasa hao watoto wanaenda wapi wakikua? Yule wa kwanza kwenye ripoti ya usonji ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943, iliyokuwa na watoto 11, alikuwa mtoto wa Mississippi kule Marekani aitwaye Donald Triplett. Alikua, akafanya kazi benki miaka na miaka, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 ana miaka 89. Na wapo wengi ambao hata utotoni hawakuandikwa popote manake walikuwa wanasema vizuri na shuleni wanapita, basi wakaitwa wapole, wakaidi, wenye maringo, au ati wana shetani.

Alafu sisi watu wa pwani tuna kitu kinachomficha mtu kama mie vizuri sana nacho ni maamkizi. Fikiria, shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, wa nyumbani hawajambo, watoto je, wazima, mama yuaendeleaje, alhamdulillahi. Yote hayo yameshapangwa! Mie nimeyahifadhi kama mashairi, nayasema kwa sauti nzuri na tabasamu, ukinikuta mlangoni utasema huyu ana adabu kuliko nduguze wote. Shida inaanza maamkizi yakiisha. Harusi ya shemeji yangu kule Kisauni niliwekwa mlangoni kupokea wageni, saa mbili nzima nikafanya kazi hiyo bila tatizo, watu wakanisifu. Kisha nikaitwa ndani nikae na wakwe. Mazungumzo yanatoka mpira yanaingia siasa yanarudi kwa mtu aliyeuza shamba, wote wanacheka pamoja, na mie natafuta mahali pa kuingilia kama mtu anayetaka kuvuka barabara pale Kongowea, kila ukinyanyua mguu tuktuk inapita. Spika iko nyuma ya sikio langu, jenereta, taa nyeupe inayotetemeka (nyie hamuioni ikitetemeka lakini mie naiona), udi, pilau, manukato ya watu mia. Nikainuka nikaenda msalani nikazima taa nikakaa kwenye giza nahesabu vigae kwa kidole, vilikuwa 14 kwa 9, alafu nikatoka mlango wa nyuma nikarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake sikusema neno hata moja mpaka magharibi, si kwa hasira, maneno yenyewe hayakuwa yanatoka. Mkwe wangu akasema huyu ana kiburi, hata kuaga?

Sasa ukimtizama bwanako usihesabu tu anayoyafanya. Tizama yanamgharimu nini. Mtu mpole asiyependa kelele ataenda harusini, atakaa pembeni, atarudi alale basi. Mwenye usonji anaweza kuwa mchangamfu kabisa pale pale alafu analipa siku mbili ndani ya chumba. Kitabu cha vigezo wanachotumia madaktari, kiitwacho DSM-5, kilichotoka 2013, kinasema dalili lazima ziwe zilianza utotoni ila zaweza zisionekane wazi mpaka maisha yazidi uwezo wa mtu, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Mie mbinu zangu zilinitosha nikiwa kijana wa stoo peke yangu. Nikaoa, nikapata watoto wawili na wakwe na kamati ya msikiti, zikaisha.

Kile kitabu kina mafungu mawili na lazima yote yawepo. La kwanza ni hilo la kuwasiliana na watu. Mfano wangu, mtu akiniambia "niko njiani" mie namsubiri barabarani, sikujua kwamba hapa Mombasa maana yake ndio anaingia kuoga, na hadi leo nakijua kichwani lakini mwili bado unasubiri. La pili ni kurudiarudia, kushikilia utaratibu, kupenda kitu kimoja kupita kiasi na mambo ya hisia kama sauti, mwanga, harufu, lebo ya nguo shingoni. Asubuhi nakula mahamri mawili na mbaazi kwa mama mmoja pale karibu na kazini, benchi lilelile. Siku aliyohama mie sikula mpaka jioni, na haikuwa kukosa chakula manake jirani yake anauza vilevile. Na nambari za spea nazijua kwa kichwa, mteja akileta bolti nitamwambia ni ya gari gani na mwaka gani, hapo ukiniuliza sitanyamaza, pole yako.

Kuna fomu ya maswali 50 inaitwa AQ, ilitolewa na watu wa Cambridge mwaka 2001, utaiona kwenye intaneti. Alama 32 kwenda juu inamaanisha nenda kapimwe, haimaanishi unao. Mie nilipata 37. Lakini ukiijaza kumbuka waliandika Waingereza, wanauliza kama ungependelea maktaba kuliko pati, sasa mtoto wa Majengo maktaba ameiona wapi? Hata lile jambo la kutizamana machoni linalotajwa sana, kwetu mtoto mwenye adabu anainamisha macho mbele ya mkubwa, na mtoto wa kike ndio zaidi, kwa hivyo usilitegemee. Kwa maoni yangu hapa kwetu kipimo kizuri ni hodi. Mtu akipiga hodi bila kuarifu, bwanako anafanyaje? Mie moyo unapiga kama nimekamatwa, hata akiwa ni kakangu wa tumbo moja.

Na sio kila kitu ni usonji jamani. Kama alikuwa mchangamfu tangu utoto alafu akabadilika ukubwani, tafuta kingine, huzuni, madeni, kutafuna muguka (majani ya kulevya kama miraa), jambo lililomtisha. Kama anataka sana kukaa na watu ila anaogopa watamcheka, hiyo huenda ni wasiwasi peke yake, japo mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Na kama anakupiga au anakunyima pesa ya kula usimtafutie jina la ugonjwa, nenda kwa watu wenu wakusaidie.

Kupimwa hakuna damu wala picha ya kichwa, ni kuhojiwa. Piga simu kwanza uulize kama wanapima watu wazima, manake wengi wanapima watoto tu, mie mahali pa kwanza niliambiwa "wewe una mke na kazi huwezi kuwa nayo" nikarudi nyumbani na aibu yangu. Wa pili, saikolojisti mmoja mama mtu mzima, alinihoji mara tatu na akamwita mamangu, na ile hadithi ya mashine ya unga na kombe ndiyo aliyoiandika kuliko zote. Kwa hivyo muulize mamake bwanako au shangazi yake, na usimuulize alikuwa na tatizo gani, utaambiwa hana. Muulize alikuwa akilia kwa nini, alikuwa hali nini, alikuwa akicheza na nani. Dawa ya usonji wenyewe hakuna. Kwetu imebadilika nyumba tu, wageni wanapiga simu kwanza, harusini naondoka baada ya chakula na mke wangu ndiye anayeniagia, taa za sebuleni tumeweka za manjano.

Jambo la mwisho ni namna ya kumwambia. Usimkalishe mezani ukamwambia una usonji. Mke wangu alisubiri siku stima zimepotea mtaa mzima, tumekaa barazani giza totoro, hakuna feni hakuna redio, kila mtu anatizama barabara. Akaniuliza, "Siku ile ya harusi, ulikuwa waumwa wapi?" Nikamjibu mpaka stima zikarudi, na zilirudi saa saba usiku.