Re: Redio ya SW (masafa mafupi) inakoroma, waya mrefu umezidisha tatizo

Salaam mkuu. Umesema redio yako ndogo inakoroma tupu usiku, na ulipoifunga waya mrefu kama antena, stesheni zikapandana. Usiifungue kwanza. Iwashe kwa betri, kisha zima mein swichi ya nyumba. Kelele zikipungua, mchawi ni chaja au taa za LED. Kwangu hapa Kirumba ilikuwa adapta ya king'amuzi.

Kupandana ni kwa sababu redio hizi za bei nafuu hulemewa na mawimbi yenye nguvu. Punguza waya hadi mita 5 hivi, uunganishe na antena ya kuvuta kupitia kapasita ya pF (pikofaradi) 100, kile kijenzi kidogo cha kielektroniki kitakachopunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia. Upitishe nje, mbali na nyaya za umeme. Mawingu yakijikusanya ziwani, chomoa waya huo kabisa. Radi za Mwanza unazijua.