Kadi ya Mlango Inavyoropoka Siri Yake

SWALI: Milango ya ofisi yetu hufunguliwa kwa kadi za kugusisha aina ya DESFire, za miaka mingi. Fundi anasema ufunguo wa siri uliomo unaweza kuibwa kwa kupima umeme tu. Ni kweli, au anatafuta tenda?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli ikiwa chipu ni MF3ICD40, DESFire ya toleo la kwanza. Kadi hizi hazina betri. Hunyonya umeme kutoka kwenye kisomaji kwa masafa ya megahezi 13.56. Chipu ikikokotoa siri, ulaji wake wa umeme hupanda na kushuka kidogo kufuatana na sifuri na moja zinazopita ndani, na antena ndogo iliyolazwa juu ya kadi huunasa mtikisiko huo. Kipimo kimoja ni kelele tupu. Kusanya maelfu kwa maelfu, yalinganishe na kila kisio la ufunguo, na kisio sahihi litajitokeza.

Mwaka 2011 David Oswald na Christof Paar wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walitoa ufunguo mzima wa biti 112 kwa vipimo takribani 250,000, kazi ya saa saba hivi, kwa vifaa vya dola 3,000 hivi. Hesabu za 3DES, njia ya usimbaji inayotumiwa na chipu hiyo, hazikuvunjwa. Chipu ndiyo iliyoropoka.

Kwa hiyo anayekupitia kwenye matatu hawezi kufanya hivi, na pochi ya bati haikingi kitu hapa. Hatari ni kadi iliyopotea, hasa kama kadi zote zina ufunguo mmoja: ikivunjwa moja, zimekwisha zote.

Pakua programu ya TagInfo kwenye simu yenye NFC, gusisha kadi. Ikisoma MF3ICD40, badilisheni kwa EV2 au EV3, matoleo mapya zaidi ya DESFire, mtumie usimbaji wa AES. Simu isipoiona kabisa, huenda ni kadi ya kilohezi 125, na nyingi za hizo hazina siri yoyote ya kuibwa, hunakiliwa tu. Kisha mbane fundi: je, kisomaji kinahakiki ufunguo, au kinasoma namba ya kadi peke yake? Kama ni namba tu, kadi mpya ni hela mliyotupa. Ufunguo wa kiwandani, sifuri tupu, ubadilishwe. Kila kadi ipewe ufunguo wake, uliokokotolewa kutoka ufunguo mama na namba ya kadi.

SWALI: Lebo za UHF za mizigo ghalani, zinazosomwa kwa redio kutoka mbali, nazo huvujisha siri?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mwaka 2006 watafiti Yossi Oren na Adi Shamir walionyesha kuwa lebo za kizazi cha kwanza huvujisha nywila ya kuziua (kuzizima moja kwa moja) kupitia mawimbi yanayorudi, bila lebo kuguswa: biti isiyo sahihi ya nywila iliyokisiwa iliongeza ulaji wa umeme. Kwa Gen2, yaani lebo za kizazi cha pili, kosa la kawaida ghalani ni jepesi zaidi. Nywila ikiachwa sifuri, lebo haiuliki, lakini nywila hiyo isipofungwa isibadilishwe, yeyote mwenye kisomaji huandika yake, kisha akaiua. Andika nywila tofauti kwa kila lebo, halafu ifunge.