Nilihamisha, sikunakili

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo: tik, tik, tik, kimya, halafu tena. Nikadhani ni feni ya laptop. Nilipotega sikio kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, ndipo nikajua nimekwisha.

Mle ndani mlikuwa na picha za harusi na sendofu nilizopiga kwa miaka 3, na sauti ya marehemu bibi akisimulia alivyolelewa Pemba. Kosa nililifanya zamani. Laptop ilipojaa nilikata mafaili, nikayabandika kwenye eksteno, nikajisifu kwamba nimefanya bekapu. Bekapu gani? Nakala ilikuwa ileile moja, sasa imehamia kwenye kidude kinachorushwa ndani ya begi pamoja na chaja.

Fundi wa Kariakoo aliniuliza swali moja tu: "Kaka, umeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia?" Kama mara kumi. Akaguna. Ndani kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kichwa kikiharibika, kila ukiwasha unaweza kuwa unakwangua palepale picha zilipokaa. Kwa hiyo ukisikia mlio, chomoa. Usihangaike na programu za kuokoa mafaili, wala usimsikilize binamu anayekuambia uitie kwenye friza. Utaiongezea unyevu tu. SSD, ile diski ya kisasa isiyo na visahani, nayo haina kinachozunguka, basi hata mlio wa kukuaga haikupi.

Kuifungua kulitaka chumba kisicho na vumbi, kwa bei iliyozidi kamera yangu. Niliacha. Maharusi wawili niliwapigia simu mwenyewe, na sitaki kuyarudia niliyoambiwa. Bibi alipona kwa bahati: kipande cha dakika 4 nilikuwa nimemtumia shangazi WhatsApp, naye hafuti kitu.

Siku hizi kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe kwenye eksteno mbili, na moja inalala kwa dada Tabata, maana mwizi akiingia kwangu hachagui. Google wanatoa GB 15 za bure. Naweka humo mikataba na picha teule, kwani picha ghafi za harusi moja zinamaliza nafasi yote, na bando pia.

Halafu nafungua nakala zenyewe kuona kama zinasomeka. Mwaka 2017 GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandaa programu, walifuta data yao kwa bahati mbaya, wakakuta kati ya njia zao 5 za bekapu hakuna ya kutegemea. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 nyuma, ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Shangazi wao huyo.

Mimi kila mwisho wa mwezi nachagua folda yoyote kwenye ile ya Tabata na kuangalia picha chache. Juzi moja iligoma kufunguka. Nimeshanunua eksteno nyingine, na usiku huu inanakili. Imefika asilimia 62.