Maswali na majibu: Mbona mikutano ya video inakwama ilhali laini tumeiongeza?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia mtandao wa kituo cha mafunzo hapa Morogoro. Tuna madarasa matatu na ofisi moja, laptopu na simu zipatazo 45. Rauta ni MikroTik yenye RouterOS 7 (programu inayoiendesha), akses pointi ziko tatu, na kamera za ulinzi nane zinatuma picha moja kwa moja kwenye seva ya nje. Laini ya faiba ilikuwa megabiti 20, tukaiongeza ikawa 30 za kupakua na 10 za kupakia. Hata hivyo, kuanzia saa nne asubuhi picha ya mwalimu inaganda na sauti inakatika, wakati kipimo cha spidi kinanipa 28. Nimewasha WMM (mfumo wa vipaumbele vya Wi-Fi), na Zoom nimeipa kipaumbele namba 1 kwenye Queue Tree, yaani foleni za rauta. Hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, namba hiyo 28 ni ya kweli, lakini inapima kitu kingine. Inakuambia ni data kiasi gani inapita kwa sekunde upande wa kupakua. Mkutano wa video hauhitaji data nyingi hivyo. Unahitaji kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ifike kwa wakati wake. Sauti inatosheka na kilobiti 80 kwa sekunde, lakini pakiti ikichelewa nusu sekunde ni sawa na iliyopotea. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu wazungumze bila kukatana kauli.

Tuanze na upande wa kupakia, ambao wengi hawauangalii. Kamera moja ikituma megabiti 1 kwa sekunde, nane zimeshakula 8 kati ya 10 zako, mchana na usiku. Mkutano wa Zoom wa watu wengi kwa picha ya 720p (HD) unahitaji takriban megabiti 2.6 kupakia na 1.8 kupakua. Darasa la kwanza tu likianza, mmeshavuka 10. Kinachozidi hakitupwi papo hapo, kinajipanga foleni ndani ya kifaa cha mtoa huduma. Kifaa hicho kikiwa na nafasi ya kuhifadhi megabaiti 1 tu, kwenye laini ya megabiti 10 foleni hiyo inachukua milisekunde 800 kumalizika. Pakiti ya sauti inasimama nyuma kabisa na kusubiri zamu kama gari lolote.

Hapo ndipo lilipo kosa la msingi. Fikiria kivuko cha Kigamboni. Ukitaka gari la wagonjwa litangulie, lazima usimame pale magari yanapojipanga. Ukisimama barabarani kilomita moja kabla, ambako magari yanapita bila kusimama, utalipungia mkono wala halitawahi zaidi ya mengine. Rauta yako imekaa barabarani: pakiti zinaipita bila kusubiri, na foleni iko kwenye kifaa ambacho huna amri nacho. Kipaumbele hakina kazi mahali pasipo na foleni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuihamishia foleni kwako, kwa kuifanya rauta iwe nyembamba kidogo kuliko laini yenyewe.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, pima. Chukua laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya darasani, fungua madirisha mawili ya ping (amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi): moja kwenda kwenye rauta, la pili kwenda 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Ziache zikimbie, kisha pakia faili kubwa kutoka kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa waya. Ping ya rauta ikibaki chini ya milisekunde 10 huku ya nje ikipanda kutoka 20 hadi mamia, tatizo ni foleni ya laini. Zote mbili zikiyumba pamoja, hewa ya Wi-Fi ndiyo mbovu, na hakuna foleni ya rauta itakayoitibu. Fanya hivyo saa nne asubuhi, siyo jioni watu wakishaondoka. Kwa maelezo yako nakisia utakuta yote mawili, ila laini ikiwa imezidi.

Sasa rauta. Mpangilio wa kiwandani wa MikroTik una kanuni ya fasttrack, njia ya mkato ya kuharakisha pakiti, kwenye Firewall (ukuta wa ulinzi wa rauta). Muunganisho ukishaingia humo, pakiti zake zinaruka mangle (sehemu ya kuweka alama), zinaruka Simple Queue (foleni rahisi za rauta), na zinaruka Queue Tree iliyofungwa kwenye global. Hiyo ni sababu ya pili kipaumbele chako namba 1 hakikufanya chochote: pakiti za Zoom hazikupita hapo. Zima kanuni hiyo. Prosesa itafanya kazi zaidi, lakini kwa laini ya megabiti 30 hata rauta ndogo za kisasa zinamudu. Angalia tu asilimia ya CPU wakati wa msongamano. Ondoa pia ile Queue Tree, kisha weka CAKE, aina ya foleni inayogawa laini kwa haki:

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
/queue type add name=cake-juu kind=cake cake-diffserv=diffserv4 cake-nat=yes cake-flowmode=dual-srchost
/queue type add name=cake-chini kind=cake cake-diffserv=diffserv4 cake-nat=yes cake-flowmode=dual-dsthost
/queue simple add name=kituo target=192.168.88.0/24 dst=ether1 max-limit=9M/27M queue=cake-juu/cake-chini

Badilisha anwani ya mtandao, na badala ya ether1 weka mlango unaokwenda kwa mtoa huduma. Namba ya kwanza kwenye max-limit ni kupakia, ya pili kupakua. Hiyo 9 na 27 ni asilimia 90 ya laini. Watu wanaona uchungu kupoteza megabiti 3, lakini ukiweka 10 na 30 kamili foleni inarudi kwa mtoa huduma na umefanya kazi bure. Ping ikiendelea kupanda, shuka hadi asilimia 85.

Nimependelea CAKE kuliko Queue Tree ya vipaumbele kwa sababu moja kubwa: inagawa kwa haki kati ya vifaa kabla hata hujaweka alama yoyote. Simu inayopakia picha 500 haiwezi tena kuimeza laini ya mwalimu. Katika vituo vingi hatua hii peke yake inamaliza zaidi ya nusu ya malalamiko, na ningekushauri uishi nayo siku mbili kabla ya kuendelea.

Ikibidi kuendelea, ndipo unaweka alama za DSCP, yaani namba ndani ya pakiti inayoonyesha daraja lake. Alama za pakiti zinazoingia kutoka nje mara nyingi zimeshafutwa njiani, zinakufikia zikiwa 0, kwa hiyo usizitegemee. Rauta yako ndiyo iziandike upya. Utambue mkutano kwa milango (namba za huduma, siyo matundu ya waya) ya UDP, njia ya kutuma pakiti bila kusubiri uthibitisho: Zoom hutumia 8801 hadi 8810, Teams 3478 hadi 3481, Google Meet 3478 pamoja na 19302 hadi 19309.

/ip firewall mangle add chain=forward protocol=udp out-interface=ether1 dst-port=8801-8810,3478-3481,19302-19309 action=mark-connection new-connection-mark=mkutano passthrough=yes
/ip firewall mangle add chain=forward connection-mark=mkutano action=change-dscp new-dscp=34 passthrough=yes

Alama inawekwa kwenye muunganisho, siyo kwenye pakiti moja moja, ili pakiti zinazorudi nazo ziipate. Nimechagua 34, yaani daraja la video liitwalo AF41, kwa sababu sauti na picha za Zoom zinapita milango ileile na rauta haiwezi kuzitenganisha. Kwa diffserv4, yaani mgawanyo wa ndoo nne, CAKE inaziweka 34 kwenye ndoo ya video, ambayo ina kipaumbele mpaka ifike nusu ya laini; ikizidi hapo inapoteza upendeleo. Kamera nazo zipe alama 8 kwa anwani zake, zikae ndoo ya chini kabisa. Na tafadhali usifunge UDP kwenye Firewall ukidhani unalinda kituo. Programu za mikutano zikinyimwa UDP zinahamia TCP, na hapo pakiti moja ikipotea zote zilizo nyuma yake zinasubiri itumwe upya.

Kumbuka lakini kwamba kipaumbele hakizai megabiti. Madarasa matatu kwa 720p yanataka 7.8 za kupakia, na kamera 8. Jumla ni 15.8 ndani ya 9. Mtu lazima apungue. Zima HD kwenye mipangilio ya video ya Zoom, kila darasa lishuke hadi karibu megabiti 1 ya kupakia, na kamera zirekodi kwenye mashine yenu ya ndani, zitume nje pale tu zinapoona mtu anapita. Hilo la kamera ningelifanya leo, maana halina gharama ya laini wala halihitaji ujuzi wa foleni.

Tuje kwenye hewa. Wi-Fi ni kama baraza: kwenye chaneli moja anasema mmoja tu kwa wakati. WMM, iliyotokana na kiwango cha 802.11e cha mwaka 2005, haimpi yeyote chaneli yake. Inabadilisha muda wa kusubiri kabla ya kusema. Mwanzoni kifaa chenye sauti kinachagua nafasi ya kusubiri kati ya 0 na 3, cha video 0 hadi 7, cha kawaida 0 hadi 15. Tazama hatari iliyopo: ukiingiza kila kitu daraja la sauti ili "kiende haraka", vifaa 45 vinagombea nafasi nne. Vinagongana, vinarudia, na hali inakuwa mbaya kuliko bila WMM. Pia usiizime; bila WMM, vifaa vya 802.11n na vilivyofuata vinarudi kwenye spidi za zamani zisizozidi megabiti 54.

Akses pointi nyingi hugeuza DSCP kuwa daraja la WMM kwa kusoma biti tatu za mwanzo. Alama 34 inatoa 4, ambayo ni video, sawasawa. Alama 46 ya sauti inatoa 5, nayo inaangukia video badala ya sauti; mwongozo wa intaneti RFC 8325 wa mwaka 2018 unataka iwe 6. Ikiwa mna simu za mezani za IP kwenye Wi-Fi, tafuta jedwali la kugeuza DSCP kwenye akses pointi zako na urekebishe hapo.

Kinacholeta nafuu zaidi hewani, hata hivyo, siyo WMM bali kuondoa wasemaji wa polepole. Pakiti ya baiti 1,500 kwa megabiti 1 inashika hewa milisekunde 12. Kwa megabiti 54 ni 0.22 tu, na wote wengine wanangoja. Zima spidi za 1, 2, 5.5 na 11, kima cha chini kiwe 12. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11, kila akses pointi na yake, upana wa MHz 20. Madarasa yapeleke GHz 5. Pale anapokaa mwalimu mawimbi yasiwe dhaifu kuliko −67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; karibu na sifuri ndiyo nguvu zaidi). Yakiwa −75, sogeza akses pointi, usiongeze nguvu, kwa kuwa simu haitaweza kuijibu kwa nguvu hiyohiyo.

Na kompyuta ya mwalimu iunganishe kwa waya. Rauta na akses pointi zinatawala kile zinachotuma zenyewe. Laptopu inapotuma picha kupitia Wi-Fi inajichagulia daraja, na mara nyingi inachagua la kawaida. Mita 20 za kebo ya Cat5e zinaondoa shaka yote hiyo upande unaoumiza darasa zima.

Badilisha kitu kimoja kwa siku na rudia zile ping mbili saa nne asubuhi. Ping ya nje ikiongezeka chini ya milisekunde 30 wakati laini imejaa, acha hapo hapo, usiongeze kanuni nyingine.